Ruhusa ya Shangazi

Bakuli halikuanguka.

Najua wengi wenu, tangu sehemu iliyopita, mmekaa wiki nzima mkisubiri kusikia likivunjika. Lakini Kalolaine alilishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, na mvuke wa kiazi kikuu ukampanda usoni. Mlangoni mwa jiko alisimama wifi yake, Toakase, ndani ya suti yake ya mazoezi ya rangi ya waridi aliyokuja nayo kutoka Auckland.

"Wifi," alisema taratibu, "hicho ni nini?"

"Ni... ni cha nguruwe."

"Cha nguruwe. Kimemenywa, kimechemshwa, kimetiwa tui na chumvi."

Kalolaine aliinamia bakuli.

"Nguruwe wa siku hizi wamekuwa mabwana. Hebu lete."

Akalitoa. Angefanya nini? Toakase alikuwa dada mkubwa wa mume wake na shangazi wa watoto wake, na huku kwetu Tonga hakuna aliye juu ya shangazi ndani ya nyumba ya ndugu yake wa kiume. Yeye ndiye anayewapa watoto majina. Yeye ndiye anayekaa mbele msibani. Mwaka juzi alikuja kutembea akaondoka na friji, na Kalolaine mwenyewe ndiye aliyelifunga kamba.

Toakase alifungua mlango wa nyuma. Vipande vya kiazi vikaruka, nguruwe wakapiga kelele za furaha. Kalolaine akajikaza, akisubiri matusi.

Matusi hayakuja. Wifi yake aliketi kwenye benchi, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto.

"Unadhani nina roho mbaya?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Hujasema, lakini mgongo wako unasema. Nani aliyeushika mguu wa baba yetu wakati wanasafisha kile kidonda? Ni mimi. Mumeo Peni alikimbilia nje kutapika. Wakaukata. Wakarudi wakakata wa pili. Yule mzee aliyekuwa akicheza ngoma mpaka wanawake wanagombana, amekufa amefupishwa kama kigoda. Kwa sababu ya sukari. Halafu napigiwa simu niko kazini, naambiwa binti yako Siale ana mimba na wamemkuta na sukari. Niliketi sakafuni mbele ya wateja, wifi. Nikaapa. Hakuna mguu mwingine wa ukoo huu utakaokatwa."

"Najua, wifi."

"Mimi nilikuwa kilo mia moja na arobaini. Nitazame sasa!"

Akasimama, akajigeuza. Ilikuwa kweli. Alikuwa nusu ya Toakase wa zamani. Aliacha viazi vikuu, magimbi, mihogo, shelisheli, mkate, ndizi, hata embe. Akabaki na nyama, samaki, mayai, tui na majani. Daktari wake alimpima kila mara, akampunguzia vidonge kimoja kimoja mpaka vikaisha.

"Daktari mwenyewe alinipigia makofi. Sasa dawa iliyoniponya mimi, nimnyime mwanangu?"

Kalolaine alitazama vidole vya miguu yake. Wifi yake hakuwa anadanganya. Laiti angekuwa mwongo! Mwongo unaweza hata kumlaani kimoyomoyo.

Hapo hapo, kutoka chumbani, ikasikika sauti ya mtu anayetapika.

*

Siale alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, binti yake Latai wa miezi miwili ubavuni mwake. Alipomwona shangazi akiingia alijaribu kuinuka. Mikono ikamsaliti.

"Shangazi, nisamehe," alisema, akihema. "Nilikula. Juzi. Vipande viwili. Mama hana kosa, mimi ndiye niliyemwomba."

"Nilijua," alisema Toakase.

"Ndiyo maana ninaumwa."

Hakuna aliyepinga. Msomaji wangu, usiwacheke. Huku kwetu mwanamke akizaa kwa taabu, wakunga wa zamani walimuuliza swali moja kabla ya yote: umemkosea nini shangazi yako? Ugonjwa unaokuja baada ya kumuasi shangazi hautafutiwi jina hospitalini. Jina lake linajulikana. Basi Siale alikula kiazi kwa siri, na Siale akaugua. Hesabu ilikuwa imefungwa.

Hata Kalolaine aliiamini. Moyo ulimchoma: ni mimi niliyechemsha, ni mimi niliyemlisha, ni mimi ninayemuua mwanangu.

Kulikuwa na jambo dogo tu lililokataa kukaa mahali pake. Kichefuchefu kilianza kabla ya kiazi. Na jioni ile ya kiazi, Siale aliketi, akacheka, akamwimbia Latai. Kalolaine alilikumbuka jambo hilo, kisha akalifukuza kama nzi.

Toakase alimimina mafuta ya nazi kiganjani. Akampaka Siale tumboni, kifuani, kwenye paji la uso, kwa upole ambao ungeliliza jiwe.

"Nimekusamehe, mwanangu. Moyo wangu ni mweupe. Lakini usirudie."

"Sitarudia, shangazi. Naahidi mbele yako na mbele ya Latai. Sukari haitaingia mwilini mwangu, hata tone."

Likafungwa hilo. Kalolaine aliisikia ahadi ikiingia mahali pake kama komeo.

"Mama!" Sauti nzito iliita kutoka barazani. "Mbona dada anahema hivyo?"

Alikuwa Lisiate, kaka yake Siale, mwanamume wa miaka thelathini na moja mwenye mabega ya upana wa mlango. Alikuwa amekaa nje ya dirisha la chumba tangu asubuhi, amelipa dirisha mgongo. Ndani hakuingia. Tangu alipoota ndevu hakuwahi kukanyaga chumba cha dada yake, wala kukaa naye mbele ya televisheni moja. Ndiyo heshima. Kaka haingii.

"Ni joto tu," Toakase alimjibu.

"Shangazi, kuna upepo huku nje."

"Basi ni upepo."

"Anahema kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Nasikia mpaka huku."

"Lisiate, wewe ni daktari?"

"Hapana, shangazi."

"Basi nyamaza tusibishane. Mashine haina ukoo, haipendelei mtu. Wifi, niletee mkoba wangu."

Mashine ya kupimia sukari ilitoka mkobani. Kidole kikachomwa, tone la damu likanyonywa. Wote wakasubiri, hata mgongo wa Lisiate dirishani.

Toakase alisoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Nne na nusu! Wifi, nne na nusu! Wakati wa mimba ilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na leo nne na nusu! Hata malaika hana sukari nzuri hivi! Ngoja, ngoja." Alikimbilia bafuni, akarudi na kijiti chembamba cha kupimia mkojo. "Na hiki ni cha leo asubuhi. Ona rangi hiyo! Zambarau iliyoiva kama biringanya. Mimi nilihangaika miezi kuifikia. Maana yake mwili unachoma mafuta, wifi. Unachoma kweli kweli!"

"Mungu ashukuriwe!" Lisiate alisema huko nje.

Toakase akaomba. Maombi yalikuwa marefu, ya kumshukuru Mungu na mashine. Kalolaine aliinamisha kichwa, na furaha ilimjia, furaha ya kweli. Mwanangu ni mzima!

Kisha maombi yakaisha, na akaisikia tena ile pumzi. Ndefu. Nzito. Ya haraka. Latai alikuwa akivuta titi, akiliachia, akilivuta tena, akilia kwa hasira.

Maziwa yalikuwa yanakauka.

*

Kalolaine alijificha nyuma ya tangi la maji, akapiga simu. Mumewe, Penisimani, pamoja na Folau, mume wa Siale, walikuwa Queensland, Australia, kwenye msimu wa kuchuma machenza.

"Peni, mwanao anatapika tangu jana. Niambie nimpeleke hospitali."

"Dada anasemaje?"

"Dada yako amepima. Anasema ni mzima."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi... si dada amepima?"

"Peni, mimi nakuuliza wewe uliyemzaa."

Kwa mbali alisikia wanaume wakicheka na sufuria zikigongana.

"Kalo, unataka nifanye nini? Nimpigie dada nimwambie amekosea? Mimi? Hata siku nikifa, yeye ndiye atakayekaa kichwani pangu."

"Siku ukifa. Sasa hivi anayekufa ni Siale."

"Usitamke maneno hayo! Mwambie dada taratibu. Msubiri ashibe."

"Ameshiba, Peni. Yeye ameshiba."

Ghafla sauti nyingine ikapasuka kwenye simu. "Baba, nipe hiyo simu! Mama! Mpeleke! Mpeleke sasa hivi, usimwombe mtu!"

"Folau, unanipokonya simu mimi mkweo?"

"Ni mke wangu, baba!"

"Ni mwanangu!"

"Basi sema neno!"

Kukawa na mvutano, kitu kikaanguka, simu ikakatika. Kalolaine alipiga tena. Akaambiwa salio halitoshi. Na leo Jumapili, duka lipi lingefunguliwa?

Alisimama akiitazama ile simu. Wanaume wawili wenye nguvu za kuinua ng'ombe, na bahari imewazuia. Yeye alikuwa hatua chache tu kutoka godoro la mwanawe, na hakuna kilichomzuia ila mwanamke mmoja mwenye suti ya waridi, ambaye naye alikuwa akilia kwa mapenzi.

Ukuta ungekuwa rahisi zaidi.

*

Kanisa lilitoka. Watu wakapita barabarani wamejifunga mikeka yao ya heshima kiunoni, harufu ya matanuri ya ardhini ikajaa kijiji kizima. Mmoja akakata kona kuja nyumbani.

Alikuwa Manusiu, muuguzi wa zahanati, mnene, bado amevaa nguo nyeupe ya kwaya.

"Hodi! Nasikia nyumba hii inakula nyama tu. Nimekuja mwenyewe kabla hamjanifuata!"

Hakuna aliyecheka.

"Haya, yuko wapi Latai? Ijumaa hamkumleta kupimwa uzito."

Kalolaine alimshika mkono akamvuta mpaka chumbani, na nadhani mkono ule ulisema yote.

Manusiu alivuka kizingiti akitabasamu. Tabasamu likabaki mlangoni.

"Nani amefuta rangi ya kucha humu ndani?"

"Hakuna," alisema Toakase. "Leo ni Jumapili."

Muuguzi akainama. Akanusa karibu na mdomo wa Siale. Akamshika mkono, akahesabu mapigo, akaacha kuhesabu.

"Siale. Siale, dada yangu, umekula lini?"

"Jana... samaki kidogo. Vyote vimerudi."

"Na bado unanyonyesha?"

"Sasa mtoto ale nini?"

Manusiu aligeuza macho. Yakaangukia kile kijiti juu ya dirisha. Akakichukua.

"Hiki cha nani?"

"Chake!" Toakase alisogea kwa fahari. "Cha asubuhi. Umeona rangi? Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

Kijiti kilikuwa kile kile, na rangi ile ile. Lakini Kalolaine hakuwa akikitazama kijiti. Alikuwa akitazama uso wa muuguzi, na aliona damu ikiuhama.

"Aende hospitali. Sasa hivi."

"Subiri. Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Vaha'i, mama."

"Vaha'i aliyekuwa akitukatia nyasi?"

"Ndiye. Na alizikata vizuri. Mama, nakuheshimu, lakini huyu aende."

"Sukari yake ni nne na nusu! Nimepima mwenyewe!"

"Ndiyo iliyowadanganya. Mtu hawezi kudhani mgonjwa mwenye sukari nzuri anaelekea kufa." Manusiu alikuwa tayari anatafuta simu mfukoni. "Maziwa yanatengenezwa kwa sukari, mama. Mtoto anaivuta kila saa, na kwa chakula hiki hairudi. Halafu anatapika. Mwili umebaki kuchoma mafuta bila breki, na moshi wa mafuta hayo unageuza damu kuwa tindikali. Hiyo pumzi nzito, yenye harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ndiyo jitihada ya mwili kuitoa."

"Mbona mimi nilikuwa zambarau nikapona?"

"Ulikuwa unanyonyesha?"

Toakase alikuwa na miaka sitini na tatu.

"Chakula hiki kimekufaa wewe, na daktari wako alikuwa macho," alisema Manusiu. "Lakini kina watu wake. Anayenyonyesha si mtu wake. Mwenye mimba naye si mtu wake. Mwenye figo mbovu, mwenye kujidunga insulini, hawa hawakianzi bila daktari. Mngekuja Ijumaa ningewaambia. Niliona hamjaja, nikasema nitapita Jumamosi. Jumamosi nikaenda mazoezi ya kwaya." Akageuka aongee na simu. "Haloo? Gari la wagonjwa? ... Lini litarudi? ... Mungu wangu."

Gari lilikuwa limepeleka mtu mwingine upande wa pili wa kisiwa.

Sasa kijiti kilikuwa mkononi mwa Toakase. Alikitazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi.

"Nilimpigia makofi," alisema polepole. "Kila asubuhi akinionyesha, nilimpigia makofi."

*

"Lisiate! Leta pikapu mlangoni!"

Pikapu ikaja inanguruma. Lakini Siale hakuweza kusimama. Walimwinua, akateleza. Wakamwinua tena, akaanguka na Manusiu pamoja. Wanawake watatu, mmoja magoti mabovu, mmoja kitambaa cha kwaya kimemfunga miguu, mmoja mikono imejaa machozi.

"Lisiate!" Toakase alipaza sauti. "Ingia umbebe dada yako!"

Lisiate alifika kwenye kizingiti cha chumba. Vidole vya miguu vikagusa ubao. Vikasimama.

"Shangazi..."

"Nimesema ingia! Ni mimi ninayekuambia!"

Aliinua mguu. Kalolaine aliuona ukining'inia hewani, mguu mkubwa wenye vumbi, na moyoni akausukuma kwa nguvu zake zote: ingia, mwanangu, ingia.

Kutoka godoroni, Siale alifumbua macho nusu. Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Asiingie," alinong'ona. "Kaka asinione hivi."

Mguu ukarudi chini.

Lisiate aligonga paji la uso kwenye nguzo ya mlango, mara moja, kwa kishindo. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule.

"Mama, siwezi. Miguu inakataa. Nifanye nini, mama?"

Kalolaine alikuwa amezaa watoto wawili, akawafundisha heshima wote wawili, na sasa heshima ilikuwa imesimama katikati yao imefunga njia.

Toakase aliondoka. Kalolaine alidhani amekimbia. Lakini alirudi amekumbatia kitu kilichokunjwa, laini kama kitambaa, cheusi kwa uzee. Ulikuwa mkeka wa ukoo, uliosukwa na nyanya ya nyanya yake, ule aliousafirisha kwenda na kurudi Auckland akisema siku yake ikifika azikwe nao.

"Wifi, huo si ndio wa—"

"Najua ni wa nini. Shika pembe."

Wakamviringisha Siale juu yake. Wakavuta. Shangazi mbele, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kubeba hata sahani, akivuta kinyumenyume huku magoti yakilia. Nyuzi za mkeka zilikatika kwenye misumari ya sakafu, na kila zilipokatika Kalolaine alishtuka, na Toakase hakushtuka.

Walipovuka kizingiti, Lisiate aligeuza uso akatazama barabarani. Akaingiza mikono yake chini ya mkeka, akaunyanyua wote pamoja na dada yake ndani, akaubeba mpaka kwenye pikapu. Hakumtazama hata mara moja. Machozi yake ndiyo yaliyodondoka juu ya mkeka.

*

Njiani ile pumzi ilishinda hata kelele za injini. Kalolaine alikishika kichwa cha mwanawe mapajani, akakataa kufikiri. Toakase alimpakata Latai. Lisiate aliendesha bila kugeuka mpaka hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya haraka. Alimsikiliza Manusiu dakika moja tu.

"Amekuja akiwa bado anasikia, tuna bahati. Dripu ya sukari, upesi! Maji ya sukari, kisha insulini."

Sukari.

Siale alikuwa mbali, mahali ambapo majina ya watu yalikuwa hayamfikii tena. Lakini neno lile lilimfikia. Mkono wake wa kulia uliruka, ukaufunika mkono wa kushoto palepale sindano ilipokuwa ikiingia.

"Hapana."

"Dada, hii ni dawa yako."

"Shangazi amekataza. Niliahidi... mbele ya Latai. Nikivunja, atadhurika mtoto."

Muuguzi wa pale alijaribu kumbandua vidole. Siale alipambana kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zilipotoka. Sindano ikachomoka, damu ikatapakaa kwenye shuka.

"Nani anaweza kumwambia akasikia?" daktari aliuliza. "Akiendelea kutupa mikono hivi mshipa utatupotea!"

Kalolaine akamwinamia. "Siale. Ni mama. Mimi niliyekuzaa nakuambia, kubali."

Siale alimtazama. Kulikuwa na mapenzi katika macho yale, mapenzi yote ya dunia. Akatikisa kichwa.

Mama ni mama. Lakini komeo lile halikuwa na ufunguo kwa mama.

Wote wakageukia mlango. Toakase alikuwa amesimama pale, peku, Latai akilia kifuani pake.

"Wifi," Kalolaine alisema.

"Sukari," Toakase alinong'ona. "Mimi niseme apewe sukari? Mimi? Wifi, niliuosha ule mguu kwa mikono hii."

"Sema."

"Niliapa."

Miaka thelathini na mbili ya ndoa, Kalolaine hakuwahi kumgusa wifi yake isipokuwa kumpokea mizigo. Sasa alimkamata mkono juu ya kiwiko, akakaza mpaka kucha zikazama.

"Toakase. Sema."

Hakumwita wifi. Alimwita jina.

Na shangazi akafanya jambo ambalo katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuliona. Alimkabidhi Kalolaine mtoto. Akashuka, goti moja, goti la pili, juu ya vigae vya hospitali, mpaka kichwa chake kikawa chini kuliko kitanda alicholalia binti wa ndugu yake.

"Siale, mwanangu. Nimeifungua ahadi yako. Nakuruhusu. Chukua sukari, chukua viazi vyote vya kisiwa hiki. Aliyekosea ni mimi, si wewe, si mama yako. Unanisikia? Nakuruhusu!"

Ile pumzi iliyokuwa imejaa nyumba, ikajaa pikapu, ikajaa chumba kile, ikapungua. Ikapungua tena. Chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia dripu ikidondoka.

Mkono wa kulia wa Siale ukalegea juu ya mkono wa kushoto. Kidole kimoja kikaachia. Kingine. Kisha mkono mzima ukateleza ukingoni mwa kitanda, ukaning'inia mbele ya uso wa shangazi.

Daktari aliruka na sindano.

"Siale?" aliita Toakase. "Siale! Umenisikia?"

Latai alinyamaza ghafla. Kalolaine alimkumbatia, macho yake hayabanduki kwenye ule mkono, na hakujua, wala hakuna mtu chumbani mle aliyejua, kama vidole vile vilifunguliwa na ruhusa, au na kile ambacho hakimwombi shangazi yeyote ruhusa.